Mvinyo wa Ngano Inapogeuka Rangi

Emiliana mwanangu,

Lori halijarudi kutoka Mbulu. Dereva aliniahidi atakupitia kwa bibi yako kule Bashay na kukufikisha hapa kabla giza halijaingia, kwa hiyo nina muda huo tu. Ukishaingia na kelele zako sitaweza kuandika, na nikijaribu kukuambia kwa mdomo nitacheka mahali pasipo na kichekesho. Unanijua.

Habari za nguo na chakula sitaziandika. Sanduku umelifunga mwenyewe, vizuri kuliko ambavyo ningelifunga mimi. Basi la kesho unalijua, na mtu atakayekupokea Dodoma unamjua. Kuna joto huko, utavaa nguo nyepesi, basi.

Naandika kwa sababu ya kesho asubuhi. Kwetu anayeondoka nyumbani hutemewa pombe kifuani na yule aliyemlea. Mlezi anapiga funda, anaomba kimoyomoyo, anamtemea, na njia imefunguliwa. Ulimwona bibi akimfanyia hivyo mjomba wako alipokwenda jeshini. Usichokijua, kwa sababu watoto mlitolewa nje, ni kwamba kabla ya kumtemea, bibi alimweleza mjomba yote aliyokuwa nayo moyoni juu yake: ndama aliyemuuza bila kuuliza, mke aliyemfukuza, hata jinsi anavyokula na mdomo wazi. Mlezi mwenye kinyongo habariki mpaka akitoe kwanza, na akitoe kwa yule mwenyewe, si kwa padri na si kwa jirani.

Pasaka nilipokwenda Bashay tulikaa na bibi tukichambua maharage. Akaniuliza, bila kuinua macho, "Huyu mtoto anapoondoka, wewe una nini naye?"

Nikamjibu sina kitu.

Akaendelea kuchambua. Ungo ulipokuwa karibu kwisha ndipo akasema, "Umejibu haraka mno. Usimtemee mtoto wa marehemu uongo."

Basi ninacho, Emi. Nakuonea wivu. Si wivu mdogo wa mtu kuvaa gauni zuri. Ni kitu kinachoamka nami asubuhi, kinachokaa mezani nikikutazama ukila, kinachonifanya nikuambie upunguze sauti ya redio wakati redio hainisumbui. Nataka ukijue kabla sijatia kitu chochote mdomoni mwangu kesho.

Mama yako alipofariki nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nasubiri nafasi ya chuo. Wewe ulikuwa msichana wa darasa la kwanza mwenye magoti meusi. Hakuna aliyenilazimisha. Bibi alisema angeweza kukulea mwenyewe, na mimi nikasema hapana, mimi ndiye mama yake mdogo, mtoto ni wangu. Nilisema kwa fahari. Nilidhani chuo kingesubiri mwaka mmoja. Hapa kwenye shamba la ngano la taifa walikuwa wanatafuta mtu aliyesoma, anayejua Kiingereza, wa kusimamia nyumba ya wageni. Nikaja nimekubeba mgongoni, maana ulikataa kutembea kutoka barabarani. Mwaka huo mmoja haujaisha mpaka leo. Tena umri wetu haujaachana sana, na wageni wanaotuona tumesimama pamoja hudhani sisi ni ndugu. Siku hizi huuliza yupi mkubwa. Wewe hucheka. Mimi huenda kuangalia maji ya chai.

Kilichonishika hapa ni mvinyo. Nacheka nikiandika, msichana wa Bashay aliyekulia kwenye pombe ya asali na mtama. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama Luiza alikuwa amefika hapo nyuma kidogo na mumewe, mtaalamu wa udongo kutoka Kanada, na katika mizigo yao kulikuwa na kreti za mvinyo zilizofungwa kwa nyasi kama mayai. Alinipa nionje mwekundu, na mdomo ukanikauka kama niliyetafuna ganda la ndizi mbichi. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba labda umeharibika. Alicheka sana. Ukakasi ule, alisema, ndio mfupa wake, bila huo hausimami.

Kwao, alisema, yapo majira ambayo majani ya miti yote hugeuka rangi na kuanguka. Hapo watu huacha mvinyo mweupe walioupenda wakati wa joto, wakaanza kuutafuta mwekundu. Nikamwambia sisi hatuna majira hayo, miti yetu haiangushi majani kwa sababu ya baridi. Akanishika mkono akanitoa barazani. Masika yalikuwa yanaisha. Uwanda wote ulikuwa umeanza kuacha kijani na kuwa na rangi ya simba, mpaka mahali macho yanapochoka, na upepo wa mlima Hanang ulikuwa unapita juu yake na kuulaza. Nilikuwa nimevaa sweta mbili.

"Hayo ndiyo majani yenu," alisema.

Tangu siku hiyo nikawa na majira yangu. Kila ngano ilipogeuka rangi, kabla kombaini za kuvunia hazijaingia shambani, uongozi ulifanya chakula cha jioni kwa wataalamu na wageni, na kazi ya kuchagua mvinyo ikawa yangu. Miaka ile watu walipanga foleni ya sukari Katesh, na mimi nilikuwa nasimama mbele ya kabati nikifikiri chupa ipi itakaa vizuri na kondoo wa kuchoma. Sikuona aibu. Nilijiona nimechaguliwa kwa jambo fulani, ingawa sikujua ni lipi.

Nilijifunza kama tulivyofundishwa shuleni, kwa kukariri. Mama Luiza alikuwa na kitabu kikubwa cha Kiingereza na nilikimaliza mara nyingi. Nilijua kwamba si kila mwekundu ni wa baridi. Kuna mwepesi, unaopita koo kama maji ya matunda, huo ni wa kuku na uyoga, na wa siku ambayo jua limetoka mchana. Kuna wa katikati, wa maharage yaliyoungwa vizuri na nyama ya ng'ombe. Na kuna mzito, unaokaribia kuwa mweusi, wa usiku wa upepo, wa kondoo na mafuta yake. Nilijua mzito unafunguliwa mapema uvute hewa. Nilijua haya yote na bado nilikosea, kwa sababu nilikuwa nachagua kwa kusoma karatasi ya chupa, si kwa kuangalia waliokaa mezani. Mwaka mmoja niliwapa mafundi wa matrekta, watu walioshinda kwenye vumbi na kiu, chupa nzito ya thamani kuliko zote. Waliinywa wakikunja uso kama watoto wanaopewa kwinini, halafu wakaomba maji. Wakati huo huo kulikuwa na mwepesi kabatini, ambao ungewafaa kabisa. Niliudharau kwa sababu kitabu kiliupa mistari miwili tu.

Na lile la ngano unalikumbuka, lakini unalikumbuka kama kichekesho. Kitabu kilisema chupa zilale mahali penye giza na ubaridi usiobadilika. Mimi niliyesoma kemia nikakumbuka bibi yako anavyofukia mayai kwenye mtama, nikaona nimepata ghala bora kuliko la Ufaransa lote. Nikazifukia chupa ndani ya lundo la ngano iliyotoka shambani. Ulikuwa unanifuata nyuma, ukatia mkono kwenye lundo mpaka kwenye kiwiko, ukasema, "Mama, ngano ina homa."

Nikakuambia nenda kafanye hesabu zako.

Ngano ilikuwa imevunwa na unyevu. Ngano ya hivyo ikirundikwa inapata joto yenyewe, kama samadi. Tulipozitoa zile chupa zilikuwa vuguvugu na mvinyo una ladha ya jamu iliyoungua sufuriani. Mama Luiza alicheka mpaka akafuta machozi. Mumewe hakucheka, alikimbia kuita watu, na siku ile ngano yote ilitandazwa kwenye maturubai, ikapona. Meneja akanisifu mbele ya wafanyakazi kwamba chupa zangu ndizo zilizoliokoa ghala. Nilizikubali sifa hizo. Nilipokutazama ulikuwa unachezea punje, hukuwa unadai kitu. Nadhani wivu wangu una umri huo. Ulikuwa umetia mkono tu, ukasema ulichokipata. Mimi nilikuwa nimesoma kitabu kizima.

Sasa nije kwenye chakula cha mwaka jana, maana hapo ndipo kilipo kinyongo chenyewe.

Ulikuwa umemaliza shule, mtu mzima, na Mama Luiza alikuwa ameanza kukufundisha kuonja jikoni, kupiga funda na kutema kwenye beseni. Nilimruhusu. Niliona ni mchezo wa kukupitishia muda mpaka upate kazi. Siku ile alikuja yule bwana kutoka kiwanda cha mvinyo Dodoma, mwenye miwani na koti lililombana, na chupa mbili za mvinyo wake mwekundu zisizo na karatasi yoyote. Kondoo walikuwa wawili, mmoja wa kuchoma. Mimi nilikuwa nimechagua mvinyo wa Kifaransa, mzito, na niliufungua mapema kama inavyotakiwa. Yule bwana akaniomba nionje wake mbele ya watu, kwa kuwa aliambiwa mimi ndiye mjuzi wa hapa.

Nikaonja. Nikasema una matunda meusi ya porini, ngozi, na tumbaku kwa mbali. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

Wewe ulikuwa unapita na sahani za viazi. Mama Luiza akakuita, akakupa glasi. Ukaweka sahani kwenye kona ya meza, ukamwamkia yule bwana shikamoo kwanza, ndipo ukapokea. Ulikaa nayo puani muda mrefu mpaka mtu mmoja akasema huyu amelala.

"Mimi sijui kusema kama mama," ulisema. "Mwanzoni kuna zambarau, zile zilizoanguka zenyewe chini. Halafu kuna kibuyu cha maziwa, siku ile kimetoka kufukizwa moshi. Halafu ule ukakasi unabaki hapa, kwenye fizi, unasubiri nyama."

Yule bwana aliweka uma chini. Akakuuliza, na ule wa Kifaransa je?

"Ule wa mama nimeuonja jikoni, ni mzuri," ulisema. "Lakini unampigia kondoo kelele."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikaona hata meneja amenigeukia.

Emi, nimekaa na jambo hilo tangu siku ile. Sijawahi kula hayo matunda meusi ya porini ya kwenye kitabu. Sijui yana ladha gani. Kwa miaka yote hiyo nilisimama mbele za watu nikataja vitu ambavyo havijawahi kuingia mdomoni mwangu, na wao wakaniamini, nami nikajiamini. Kibuyu kilichofukizwa nimekijua tangu nazaliwa. Nimekiosha, nimekichomea kijiti cha moto ndani, nimenyweshwa maziwa yake, nimekunywesha wewe. Kilikuwa ndani ya glasi yangu pia usiku ule. Nilikipata puani, nakuapia, nilikipata, nikakipita nikaenda kutafuta tumbaku.

Baada ya wageni kuondoka tulikuwa tunaosha glasi, Mama Luiza akaingia, akakushika kidevu kama mtu anayekagua mche. "Huyu ana ulimi wa kuonja," akaniambia. Akasema kwa furaha, kama habari njema kwangu mimi mama yako. Mimi alikuwa akiniambia miaka mingi kwamba nina kumbukumbu nzuri, na nilikuwa nimelihifadhi neno hilo kama nishani.

Yule bwana aliporudi, mwezi wa mavuno, walinitumia ujumbe niende barazani kwa Mama Luiza. Nilikuwa nimesikia kwamba kiwanda kinatafuta mtu mmoja wa kwenda kufundishwa kazi ya uonjaji na uchaguzi. Nilivaa lile gauni la bluu. Nilipaka viatu rangi. Njiani nilikuwa nimekwisha kupanga jinsi ya kukataa kwanza, ili wanibembeleze, halafu jinsi ya kukubali. Nilipanga hata wewe utakaa na nani.

Wakanikaribisha kiti. Mama Luiza akamimina chai. Yule bwana akakohoa, akasema, "Mama, tumekuja kwako kwa heshima. Tunamwomba Emiliana."

Kama posa. Nami nimevaa gauni la bluu.

Nilisema nitafikiri. Unajua nilifikiri kwa muda gani, maana ulilia, ulifunga mlango, ukaandika kwa bibi kunishitaki. Nilikuambia msichana hawezi kukaa kati ya mapipa ya pombe na wanaume, nilikuambia watu wa kanisani watasemaje, nilikuambia Dodoma ni mbali. Uliamini ni woga wa mama. Hata Mama Luiza aliamini, akaja kuniliwaza. Haukuwa woga. Nilitaka tu usiende mahali nilipopataka mimi. Kisha asubuhi moja ukaingia jikoni, hukununa tena, ukaniambia, "Mama, kama hutaki, sitaki." Ukaanza kumenya viazi. Ulikuwa umekata tamaa kwa upole kabisa, na upole huo nilikuwa naujua, ndio niliokuwa nao mimi mwaka ule nilipoacha kuulizia chuo. Sikuweza kuuangalia kwenye uso wako. Nikasema nenda. Kwa hiyo usinishukuru sana kesho. Sikukuruhusu kwa wema, nilikuruhusu kwa sababu sikuweza kuvumilia kujiona.

Na kuna kizibuo. Kile chenye mpini wa mzeituni, ambacho nimefungulia kila chupa iliyofunguliwa katika nyumba hii. Mama Luiza anarudi kwao mwakani na nilijua kwamba atakiacha. Amekupa wewe. Ulikileta unanionyesha kama mtoto aliyepewa pipi, nikasema ni kizuri, nikakuambia ukifunge kwenye kitambaa kisitoboe nguo. Kila nikipita karibu na sanduku lako nakijua mahali kilipo. Ndani ya soksi ya kijivu, upande wa kushoto. Nimewahi kufungua sanduku nikakishika nikakirudisha.

Basi nimekitoa. Hivyo ndivyo ilivyo moyoni. Nimetazama dirishani, lori bado.

Sasa nikuambie kidogo ninachokijua, si kwa sababu kitakufaa kuliko kile utakachofundishwa, ila kwa sababu ni changu. Huko Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na joto halitoki. Hutaona ngano ikigeuka. Watakuambia watu wanapenda mtamu, na ni kweli wanapenda, hata bibi yako alipoonja mwekundu wetu alisema ni dawa ya kikohozi iliyosahauliwa kutiwa asali. Lakini nchi hii ina watu wa baridi pia. Kuna watu wa hapa, wa Mbulu juu, wanaorudi kutoka shambani mikono imekufa ganzi, wanakaa karibu na moto na sufuria ya maharage. Ukichagua mwekundu, mchagulie mtu huyo. Usimpe mzito kwa sababu ni wa gharama. Mpe wenye ukakasi wa kutosha kushika mafuta ya nyama, uchachu wa kutosha kumfanya atake tonge lingine, na usio baridi kama jiwe wala usiokaa jirani ya jiko. Muulize amekula nini. Muulize ameshindaje. Mimi sikuuliza, nilisoma karatasi.

Maneno ya kitabu yajifunze yote, usiyadharau kwa kuwa nimeyalaumu. Kuna vyumba ambavyo hutaingia bila kuyasema. Ila ukishaingia, sema zambarau.

Na wewe pia siku moja utaona wivu. Atakuja msichana hajui kitu, amebeba sahani, atasema neno moja na meza nzima itamgeukia. Sikuombi usione wivu, hiyo ni kazi bure. Nakuomba usimtume kwenda kufanya hesabu.

Imebaki pombe ya kesho. Bibi alitaka nikutemee pombe ya asali na alinipa kibuyu nije nacho, lakini kwa baridi hii haijachacha, bado ni maji matamu. Nikamtumia salamu kumuuliza, akajibu kupitia kwa dereva kwamba aliyelea atemee kile anachokipenda kuliko vyote, hata kama ni dawa ya kikohozi.

Ninazo chupa mbili. Moja ni ile ya yule bwana wa Dodoma aliyoiacha. Nyingine huijui. Mama Luiza alinipa mwaka wa kwanza, nilipochagua vizuri kwa mara ya kwanza bila kumuuliza. Mwekundu mwepesi wa Kifaransa. Aliniambia ninywe mapema, si wa kuwekwa. Mimi nikauweka. Nilijiambia nitaufungua siku nitakayoitwa mahali fulani, siku yangu. Nimeuzungushia blanketi chini ya kitanda, mbali na mwanga na joto, na safari hii sikukosea mahali, nilikosea muda. Ndivyo yalivyo makosa yangu mengine yote ukiyatazama vizuri.

Kabla sijaanza kukuandikia nilikwenda kwenye sanduku lako nikachukua kizibuo, nikaufungua. Kizibo kilikatika nusu, nikakitoa vipande vipande. Nikamimina. Rangi imekwisha kuwa ya matofali pembeni. Nilikuwa tayari kukuta siki.

Si siki, Emi. Ni mwembamba, umechoka, hauna mfupa tena. Kitabu chochote kingesema umepitwa. Nikauweka puani nikangoja, kama ulivyongoja wewe siku ile, mpaka nikaacha kutafuta. Ndipo nikaukuta. Ni mabua ya mahindi ya Bashay, yaliyolala shambani baada ya mavuno, siku mvua isiyotegemewa imenyesha asubuhi na jua limetoka. Mama yako na mimi tukiwa wadogo tulikuwa tunalala juu yake ingawa tulikatazwa. Nimeusikia mgongo wake dhidi ya mgongo wangu. Nilisema kwa sauti, hapa jikoni, peke yangu: mabua. Ni neno langu la kwanza. Na unajua nilichofikiri mara tu baada ya hapo? Kwamba wewe ungelipata kabla yangu.

Kwa hiyo wivu haujaisha. Nilidhani nikiandika utaisha, bibi atanisamehe. Umebaki kama ukakasi, hapa kwenye fizi. Lakini sasa unajua ninachokutemea.

Naiona taa ya lori kwenye kona ya maghala. Kizibuo nimekirudisha kwenye soksi, upande wa kushoto. Barua hii nitakupa ukishakula, uisome kwenye chumba chako, na ukimaliza usije kunikumbatia. Lala.

Kesho vaa ile blauzi nyeupe. Najua umeitenga kwa ajili ya kuripoti kazini, na najua mwekundu huu niliofungua hautoki kwenye kitambaa cheupe. Ivae hivyo hivyo. Ukifika watakuuliza hilo doa kifuani ni la nini, nawe uwaambie ni la nani.

Mama yako mdogo,
ambaye hana mwingine wa kumwonea wivu kiasi hiki.